Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Samaki Wote

Kwa Mheshimiwa Sana, Mtukufu, Mwenye Dhamana ya Maziwa, Mito, Mabwawa na Vyote Viogeleavyo Humo,
Ofisi Kuu, Ghorofa ya Juu.

YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUKUSANYA TAKWIMU MLANGONI PA OFISI YAKO

Mheshimiwa Sana,

Shikamoo. Nakuamkia tena kwa niaba ya wavuvi wa mwalo wetu, shikamoo. Na kwa niaba ya wachuuzi wa dagaa, wakaanga samaki, wabeba ndoo na mafundi mitumbwi, ambao hawakupata nafasi ya kuacha kazi zao waje kukuamkia wenyewe, shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u buheri wa afya, wewe na familia yako, wasaidizi wako, makatibu wako, dereva wako na walinzi wanaokufungulia geti. Sisi huku kusini mwa Ziwa Victoria tu wazima, na tunakuombea maisha marefu.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Barua za kawaida niliziandika kwa utaratibu, kupitia kwa viongozi wa kijiji, wa kata na wa wilaya, na nashukuru kwamba zote zilipokelewa na kugongwa mhuri. Majibu hayakuja. Nilielewa, kwa heshima zote, kwamba kiongozi mwenye maji mengi kiasi hicho chini ya uangalizi wake hawezi kuwa na nafasi ya kuangalia karatasi moja. Hata hii sitarajii uisome. Naiandika kwa kuwa adabu inanitaka nikushukuru, na yapo mambo mengi ya kukushukuru ambayo yamekaa bila kusemwa.

Mimi, Mheshimiwa, ni mkusanya takwimu wa mwalo. Kwa siku zilizopangwa kila mwezi nakaa ufukweni kabla jua halijachomoza, nikisubiri mitumbwi. Chombo kikifika naandika kinaendeshwa kwa kasia, tanga au injini. Kina wavuvi wangapi. Kimevua kwa nyavu za macho, kwa ndoano au kwa nyavu za dagaa. Nyavu ni ngapi na macho yake yana ukubwa gani. Kimekaa majini saa ngapi. Kimeleta kilo ngapi za sangara, sato, furu au dagaa, na kimeuza kwa bei gani. Sangara namlaza juu ya ubao wa kupimia na kusoma urefu wake kutoka mdomoni hadi mwisho wa mkia, kwa sababu sheria inataka anayevuliwa asipungue sentimita 50. Chini ya hapo wengi wao bado hawajawahi kuzaa.

Kutokana na karatasi hizo ndipo wataalamu wako wanapopata mavuno ya ziwa. Wanachukua wastani wa kilo za chombo kimoja kwa siku, wanazidisha kwa idadi ya vyombo, kisha wanazidisha kwa siku za kuvua. Idadi ya vyombo hutoka kwenye sensa ya uvuvi, ambayo nchi tatu zinazogawana ziwa hili zilianza kuifanya kwa utaratibu mmoja mwaka 2000, na ambayo ilipangwa irudiwe kila baada ya miaka miwili. Tanzania ina asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43 na Kenya 6, na shirika lao la pamoja la uvuvi, lililoundwa kwa mkataba uliosainiwa Kisumu tarehe 30 Juni 1994, lina makao yake Jinja. Eneo lote ni kilometa za mraba 68,800. Hakuna mtu anayeweza kusimama ukingoni akaona samaki wote waliomo. Kwa hiyo kilo moja inayoandikwa vibaya mwaloni kwetu huzidishwa kwa vyombo vyote vya aina ile na kwa siku zote za kuvua, hata ikafika kwako ikiwa tani nyingi. Naeleza haya kwa unyenyekevu, si kwa kudhani kwamba huyajui, bali ili shukrani zangu zieleweke.

Kwanza, nakushukuru kwa mzani. Mwalo wetu ulipewa mzani wa kuning'iniza, mpya, wenye kioo safi. Springi yake ilipolegea tuliupeleka ofisini ukatengenezwe, na nashukuru kwamba umetunzwa huko muda wote huu pasipo kupata mvua wala chumvi ya dagaa. Kwa sasa nasoma uzito kwenye mzani wa wakala anayenunua sangara kwa ajili ya kiwanda. Ni muungwana, ananipa nafasi bila kinyongo. Lakini yeye ni mnunuzi, na mzani wa mnunuzi una kawaida ya kusoma chini kidogo. Hivyo sangara wa mwalo wetu anapofika mezani pako katika karatasi huwa mwepesi kuliko alivyotoka majini. Ubao unasema urefu wake ni uleule, mzani unasema amekonda. Mtaalamu atakayesoma jedwali lile ana haki ya kuhitimisha kwamba samaki wa ziwa letu wamekosa chakula, na ana haki ya kukushauri hivyo, nawe una haki ya kutoa tamko.

Pili, nakushukuru kwa ndoo. Dagaa hawapimwi mmojammoja, wanapimwa kwa ndoo, na ndoo za mwaloni ni za kila namna: ipo iliyojazwa ikasawazishwa, ipo iliyojazwa kilima, ipo iliyotanuliwa kwa moto ibebe zaidi. Dagaa mbichi wana maji, dagaa waliokaushwa mchangani hawana. Niliomba kwa barua tupewe kipimo kimoja cha ndoo kwa mialo yote, pamoja na jedwali la kugeuza ndoo kuwa kilo. Nashukuru kwamba hukuharakisha jambo hili. Samaki wanaovuliwa kwa wingi kuliko wote ziwani kwa uzito ni hao dagaa, na bado kila mwalo unawahesabu kwa ndoo yake.

Tatu, nakushukuru kwa simu. Tuliambiwa karatasi zimepitwa na wakati, tukafundishwa kujaza takwimu kwenye programu ya simu, na mafunzo yale yalikuwa mazuri, nasema kwa moyo wote. Namba inayojazwa mwaloni asubuhi inaweza kufika kwako kabla ya chakula cha mchana. Kilichobaki ni kifurushi cha intaneti, ambacho nanunua mwenyewe, na mtandao, ambao ukipanda juu ya jabali nyuma ya kijiji unapatikana. Wakati kifurushi kimekwisha, takwimu zinakaa ndani ya simu. Simu ikizima kwa kukosa chaji kwa muda mrefu au ikianguka majini, samaki wale wanakuwa hawakuvuliwa na mtu yeyote.

Nne, nakushukuru kwa posho. Imeahidiwa mbele ya watu, na ahadi yako naiheshimu kama ilivyo. Wakati naisubiri, wenye vyombo hunipa kitoweo, kwa kuwa ni desturi njema ya watu wa ziwa kwamba aliyesimama mwaloni haondoki mikono mitupu. Hapo ndipo, Mheshimiwa, naomba utazame kwa makini kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Anayenilisha ndiye ninayemwandika. Akileta sangara wa sentimita 38, mimi naandika 38, na kesho yake naweza kukosa mboga. Lakini siwezi kukuhakikishia kwamba kila mhesabu mwenye watoto, katika kila mwalo wa ziwa hili, ataandika hivyo mwaka hadi mwaka kwa ahadi peke yake. Serikali yoyote inayotaka kujua ukweli kuhusu samaki lazima imlishe anayewahesabu, la sivyo watamlisha wengine.

Tano, nakushukuru kwa kuiunganisha kazi yangu na ya ukusanyaji wa ushuru. Ulikuwa uamuzi wa kubana matumizi, na matumizi yamebanwa kweli. Orodha yangu ya vyombo ilichukuliwa ikatumika kukagua leseni na risiti. Mwezi uliofuata, vyombo vilipungua sana katika fomu zangu, ingawa usiku, kwenye giza la mwezi, taa za wavuvi wa dagaa zilionekana majini kama kawaida. Wavuvi hawakuwa wameacha kuvua. Walikuwa wameacha kuja pale nilipokaa. Wanapakua kwenye visiwa visivyo na mhesabu, au wanauziana majini chombo kwa chombo kabla ya alfajiri. Sangara wachanga wanatiwa chumvi wanakuwa kayabo, na kayabo inasafiri kwenda Kongo. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, ambayo bei yake inapita ya minofu, yanatembea mifukoni. Vyote hivyo ni samaki waliotoka ziwani, na hakuna hata mmoja aliyepita kwenye ubao wangu. Mvuvi akiona kalamu yangu anaona faini. Nilipomwambia mzee mmoja wa mwaloni kwamba nahesabu ili samaki wasiishe, aliniuliza kwa upole kama kuna siku mtu wa kalamu alirudi kumwambia wamebaki wangapi.

Na hilo linanifikisha kwenye shukrani ya sita, ambayo ni kubwa kuliko zote: nakushukuru kwa ukimya. Kwa muda wote nilioifanya kazi hii takwimu zimekwenda juu, na hakuna iliyowahi kushuka. Hatujawahi kubandikiwa ukutani karatasi inayosema mwalo wetu ulivua kiasi gani mwaka jana, wastani wa urefu wa sangara wetu umepanda au umeshuka, na chombo cha injini kinapata kilo ngapi kwa saa ikilinganishwa na zamani. Mara moja tu ndipo ofisi ilipozungumza nami kuhusu namba zangu: nilirudishiwa jumla ya mwezi nikiombwa, kwa lugha ya staha, niiangalie upya kwa sababu tani zilikuwa chini ya lengo. Niliiangalia upya. Tani zilikuwa zilezile, nikaituma kama ilivyokuwa, na nikashukuru kukumbukwa.

Mheshimiwa Sana, kwa kuwa una mambo mengi ya kitaifa kichwani, niruhusu nikukumbushe machache ya ziwa hili, kwa maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza aitwaye Michael Graham alizunguka Ziwa Victoria akichunguza uvuvi wake. Nyavu za macho zilikuwa zimeingia ziwani mwanzoni mwa karne ile, na samaki aliyetafutwa alikuwa ngege. Graham alikuta wavu mmoja hauleti tena samaki uliokuwa ukileta ulipoanza kutegwa. Katika ripoti yake ya mwaka 1929 alipendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Tena alionya kwamba kuingiza ziwani samaki mkubwa mla samaki bila utafiti wa kina ni hatari kubwa. Kanuni ya macho ya nyavu ilikuja, kisha ikaachwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sangara, mla samaki wa namna hiyo, naye aliingizwa ziwani katika miaka hiyohiyo ya 1950. Leo mtoto wa mvuvi wa mwalo wetu hamjui ngege kwa sura. Ngege wamebaki zaidi katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya. Hesabu ilikuwepo, imeandikwa, imechapishwa. Waliokuwa na dhamana hawakuitumia.

Mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza pamoja na wenzao wa Tanzania. Walikuwa wakivuta nyavu sehemu zilezile, mwaka baada ya mwaka, na kuhesabu furu, wale samaki wadogo ambao ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina zao zisizopatikana penginepo duniani. Kazi ile ilikuwa ikiendelea pale sangara alipoongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na kwa ajili hiyo walishuhudia katika madaftari yao furu wakitoweka. Mwaka 1992, mmoja wa watafiti hao, Frans Witte, na wenzake waliandika kwamba huenda takribani aina 200 zimepotea. Kama watu wale wasingekuwa wameketi kuhesabu kabla ya msiba, leo tungekuwa tunabishana kama furu hao waliwahi kuwepo. Dunia inajua kilichotokea Ziwa Victoria kwa sababu kuna watu waliohesabu samaki ambao hata bei hawakuwa nayo.

Naomba pia, kwa idhini yako, nikupeleke mbali kidogo, Newfoundland huko Kanada, ambako walivua samaki aitwaye kodi kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1980 meli kubwa ziliendelea kurudi zimejaa, na makadirio ya serikali yaliegemea sana mavuno hayo mazuri. Kumbe kodi waliobaki walikuwa wakikusanyika pamoja, na meli zenye vyombo vya kisasa zilijua pa kuwafuata. Kilo kwa meli hazikushuka mpaka samaki walipokaribia kwisha. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ulifungwa, makumi ya maelfu ya watu wakapoteza kazi, na ahadi ilikuwa kwamba utafungwa kwa miaka miwili. Serikali ya Kanada ilitangaza mwisho wa zuio lile mwaka 2024.

Nakieleza kisa hiki kwa sababu ya nafasi moja katika fomu yangu, ile ya saa. Vyombo vya sangara vya mwalo wetu vinakwenda mbali kuliko vilivyokuwa vikienda, vinakaa majini muda mrefu zaidi na vinachoma petroli zaidi ili virudi na kilo zilezile. Mtu akisoma kilo peke yake ataona amani. Mtu akisoma kilo kwa saa ataona hatari. Taarifa ninazosikia zikisomwa kwenye sherehe, Mheshimiwa, huwa za tani. Sijasikia hata mara moja mtu akisoma saa.

Kisa cha mwisho ni cha China, nacho nakieleza kwa uangalifu mkubwa kwa kuwa kinagusa watu wenye vyeo. Mwaka 2001, Reg Watson na Daniel Pauly walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi ulioonyesha kwamba mavuno ya bahari ya China yalikuwa yameandikwa makubwa kuliko inavyowezekana. Walieleza kwamba maofisa wa huko walipimwa kwa ongezeko la uzalishaji, nao wakaleta ongezeko, katika karatasi. Namba hizo zilipoingia kwenye jumla ya dunia, ilionekana kama bahari inazidi kutoa samaki, wakati ukweli ni kwamba mavuno ya dunia yalikuwa yakishuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Dunia nzima ilipotoshwa na watu waliokuwa wakimfurahisha mkubwa. Nilipokisoma kisa hicho niliikumbuka ile jumla yangu ya mwezi iliyorudishwa kwa kuwa chini ya lengo.

Maamuzi, Mheshimiwa, yamekuwa yakitufikia bila kukawia, na kwa hilo pia nashukuru. Tumeona nyavu haramu za kokoro na timba zikichomwa moto mbele ya waliozinunua, na sheria ilikuwa upande wa moto. Wenzetu wa Ziwa Tanganyika walisimamishwa kuvua kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili migebuka na dagaa wazaliane, na familia zao zikabeba mzigo wa miezi mitatu. Sipingi kufunga ziwa wala sitetei kokoro. Nasema tu kwamba mtu anayeombwa akae na njaa miezi mitatu anastahili kuonyeshwa, kwa namba, samaki walikuwa wangapi kabla, wamekuwa wangapi baada, na urefu wao umebadilikaje. Bila hesabu ya kabla na baada, kafara ya mvuvi haiwezi kuthibitishwa kwamba ilisaidia, na mwaka ujao hataamini.

Baada ya shukrani hizo zote, nakuja kwenye ombi langu, nikiwa nimeinamisha kichwa.

Njia yetu ya kukusanya takwimu umeiona inatosha kusimamia viumbe wote wa majini. Nami naona si heshima kwamba samaki peke yao ndio waifaidi. Naomba kwa hiyo, Mheshimiwa Sana, ruhusa ya kuja kukaa mlangoni pa ofisi yako, kwa siku zilezile za sampuli za kila mwezi, nikukusanyie takwimu wewe.

Sitasumbua. Nitakuja na benchi langu, ubao wangu wa kupimia na fomu ileile, niliyoirekebisha kidogo. Asubuhi unapofika nitaandika aina ya chombo, yaani gari. Nguvu ya injini. Idadi ya watu waliomo. Na saa ya kuwasili. Jioni nitaandika saa ya kuondoka, ili tupate saa za kuvua. Kwenye nafasi ya zana nitaandika kalamu, mhuri, simu na vikao, pamoja na ukubwa wa macho yake, maana vipo vikao ambavyo jambo dogo la mwaloni linapenya bila kunaswa. Kwenye mavuno nitaandika maamuzi yaliyosainiwa siku hiyo, kwa aina: mizani iliyorudishwa mialoni, posho zilizolipwa, sensa zilizofanyika kwa wakati wake, taarifa zilizopelekwa kwa wavuvi. Kila uamuzi nitaulaza juu ya ubao nisome urefu wake, kutoka mezani pako hadi unapoishia kwa mtu. Usiofika sentimita 50 nitauomba urudishwe ukakue.

Ikitokea hupo ofisini siku ya sampuli, nitaandika sifuri, kama ninavyoandika sifuri mtumbwi usipotoka kwa ajili ya mbalamwezi. Uzito nitaupima kwa mzani wetu, ambao bila shaka upo humohumo jengoni, na ukinionyesha chumba ulimo nitautengeneza kwa fedha yangu. Mwisho wa mwezi nitachukua wastani wa siku hizo, nizidishe kwa siku zote za kazi na kwa idadi ya ofisi zilizo chini yako, na nitangaze jumla yake kuwa ndiyo mavuno ya utumishi wako. Mwezi ambao fomu zitapotea nitatumia makadirio ya mwaka uliopita. Na naomba, kama hitimisho la kawaida la kazi hii, mshahara wako, marupurupu yako na mafuta ya gari lako viwekwe kwa kufuata jedwali hilo peke yake, kama vile maisha ya samaki na wavuvi yanavyowekwa kwa kufuata langu.

Jambo moja tu ningependa tulifanye tofauti. Wewe nitakurudishia matokeo. Kila mwisho wa mwezi nitayabandika mlangoni pako, yasomeke na kila apitaye, na nitasimama hapo kujibu maswali yako kwa heshima mpaka utakaporidhika kwamba umehesabiwa kwa haki. Posho sidai. Kitoweo kutoka kwako sitapokea, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Ukiona ombi hili halifai, nakuomba basi ufanye yafuatayo, na mimi nitabaki mwaloni kwangu. Mpe kila mkusanya takwimu mzani usiokuwa wa mnunuzi, na uukague kila mwaka. Weka kipimo kimoja cha ndoo ya dagaa kwa mialo yote. Lipa posho na vifurushi kwa wakati, ili mhesabu asile kwa anayemhesabu. Tenga kabisa hesabu ya samaki na ukusanyaji wa ushuru, na uifanye orodha ya takwimu isitumike kumkamata mtu. Fanya sensa ya uvuvi kila baada ya miaka miwili kama ilivyokubaliwa, bila kusubiri mfadhili. Soma kilo kwa saa, si tani peke yake. Usimrudishie mtu hesabu kwa kuwa haikukupendeza. Na kila mwaka uzirudishe namba zetu mwaloni, kwa Kiswahili, zibandikwe ukutani, mvuvi azisome na kuzibishia akitaka.

Kwako mvuvi mwenzangu unayesoma barua hii ambayo si yako: mhesabu akija na ubao, mwonyeshe samaki wote, wakubwa na wadogo, na mdai arudi na majibu. Ziwa hili lilikwisha kumpoteza ngege wakati hesabu yake ikiwa kabatini. Sangara na dagaa bado wapo, bado wanahesabika, na kazi hiyo haigharimu fedha ambazo nchi haina. Hakuna sababu halali ya kuendelea kuahirisha.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi, Mheshimiwa Sana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkusanya takwimu wa mwalo,
Kusini mwa Ziwa Victoria.